Maji yanatuama, mahindi yananyauka: nilime kina zaidi au niache kulima?

"Shamba letu lilikuwa malisho na vichaka hadi miaka 12 iliyopita. Tangu tulifungue tunalima kila msimu kwa trekta la kukodi lenye plau ya diski, kina kile kile, kisha inapita haro ya kuvunja mabonge. Baada ya mavuno ng'ombe wanaingia kula mabua. Miaka ya mwanzo mahindi yalistawi sana. Sasa mvua ikinyesha kidogo tu maji yanatuama, na jua likiwaka siku saba majani yanajikunja. Nimeng'oa mche nikakuta mzizi umeshuka kidogo kisha ukapinda kama herufi L. Dereva wa trekta anasema tulime kina zaidi. Jirani anasema tuache kulima kabisa, tupande tu. Shemeji yangu anataka tumwage mchanga kwa kuwa udongo wetu ni mfinyanzi. Mbolea tumeongeza, haikusaidia. Nimsikilize nani?"

Ndugu yangu, umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umeng'oa mche ukautazama mzizi. Tuanzie hapo, maana mzizi ule unaeleza ni vipi shamba moja linaweza kuwa na maji ya kupita kiasi na kiu ndani ya mwezi mmoja. Maji yanatuama juu kwa sababu hayana njia ya kushuka. Mahindi yananyauka kwa sababu mizizi nayo haina njia ya kuyafuata maji yaliyoko chini. Njia zilizoziba ni zile zile. Udongo wako umeshindiliwa, na kwa dalili ulizotaja, sehemu mbaya zaidi ni tabaka jembamba gumu lililo chini kidogo ya pale plau inapoishia.

Ushauri wa shemeji niumalize mapema, kwa kuwa ndio utakaokuchosha bure. Mchanga ukiingia kwenye mfinyanzi haufungui kitu. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno, hujaza nafasi zote baina ya punje za mchanga, na unachopata kinakaribia udongo wa kufyatulia matofali. Ili mchanga ubadilishe tabia ya udongo, inabidi uwe sehemu kubwa ya udongo wenyewe, na hakuna anayeweza kubeba kiasi hicho kwa shamba zima. Mbolea nayo haikukosea, haikufikiwa tu. Mizizi iliyobanwa kwenye sentimita chache za juu inakula kwenye sahani ndogo. Tena udongo ukijaa maji, hewa ikaisha, bakteria huigeuza nitrati, yaani nitrojeni iliyo tayari kufyonzwa na mizizi, kuwa gesi, na sehemu ya nitrojeni uliyoilipia inapotelea angani. Kama majani ya mahindi yako huwa ya njano pale maji yaliposimama, hiyo ni sababu mojawapo.

Sasa niombe uvumilivu wako kidogo, kwa kuwa ukielewa jambo moja utaweza kuwapima washauri wote wewe mwenyewe. Tunapotazama udongo tunaona kitu kigumu. Lakini udongo wenye afya, karibu nusu ya ujazo wake ni matundu. Mimea huishi kwa matundu hayo: makubwa hupitisha maji na hewa, madogo huhifadhi maji ya kunywa mvua ikikatika. Punje zipo ili matundu yawepo.

Hili unaweza kulipima. Chukua kopo lililokatwa pande zote mbili, kipenyo sentimita 7 na kimo sentimita 7. Ujazo wake ni kama sentimita za ujazo 269. Weka kibao juu, ligonge taratibu liingie ardhini, lichimbue, kata udongo uliozidi kwa kisu, kausha kwenye oveni nyuzi 105 za Selsiasi kwa saa 24, kisha pima uzito. Tuseme udongo wa ukingoni mwa shamba, chini ya nyasi ambazo hazijawahi kulimwa, umetoa gramu 323. Gawanya kwa 269, unapata gramu 1.2 kwa kila sentimita ya ujazo. Wa katikati ya shamba, kina cha sentimita 20, umetoa gramu 404, yaani 1.5. Punje zenyewe, ukiondoa matundu, zina uzito wa karibu gramu 2.65 kwa kila sentimita ya ujazo. Kwa hesabu hiyo udongo wa ukingoni una matundu asilimia 55, wa katikati asilimia 43. Kwa mfinyanzi, mizizi huanza kukwama namba ile ikikaribia 1.5, udongo wa kichanga huvumilia hadi karibu 1.8. Kwa hiyo usilinganishe namba yako na ya mtu mwenye udongo wa aina nyingine. Linganisha na ukingo wa shamba lako.

Asilimia 12 zilizopotea zinaonekana kidogo, hadi uulize ni matundu gani yaliyopotea. Udongo ukikandamizwa, yanayofungwa kwanza ni makubwa, na hayo ndiyo barabara kuu. Maji yakipita kwenye mrija mwembamba, kiasi kinachopita hutegemea upana wa mrija kwa namna kali sana: ukipunguza kipenyo kwa nusu, maji yanayopita hushuka hadi sehemu moja ya 16. Ndiyo maana shamba linaweza kupoteza sehemu ndogo ya matundu yake likaanza kutuamisha maji kama sakafu. Hewa nayo huenda na matundu hayo hayo. Nafasi yenye hewa ikishuka chini ya asilimia 10 hivi ya ujazo wa udongo, mizizi ya mazao mengi huanza kukosa pumzi. Na pale udongo unapofikia ugumu wa megapaskali 2 kwenye kipima ugumu, sawa na kuukandamiza kwa kilo 20 hivi kwa kila sentimita ya mraba, mizizi mingi husimama au hutafuta ufa wa kupitia. Usipokuwepo ufa, hupinda. Hiyo ndiyo L yako.

Imefikaje hapo? Kwa hatua, na ya kwanza ilianza siku mlipolifungua shamba. Chini ya malisho na vichaka, mizizi hai ilikuwa ardhini mwaka mzima. Utomvu wa mizizi, nyuzi za kuvu na kinyesi cha nyungunyungu viligandisha chembe kuwa vibonge vidogo visivyovunjika kwa maji, na matundu yalikuwa baina ya vibonge hivyo. Mlipoanza kulima, gundi ile iliacha kutengenezwa kwa kasi ya zamani, na iliyokuwepo ikawa inaliwa na vijidudu kila mnapoipindua ikapata hewa. Mwaka 2002 watafiti Guo na Gifford walikusanya matokeo ya machapisho 74 kuhusu mabadiliko ya matumizi ya ardhi. Kwa wastani, ardhi ya malisho iliyogeuzwa kuwa ya mazao ilipoteza asilimia 59 ya kaboni ya udongo, na msitu wa asili uliogeuzwa hivyo asilimia 42. Mavuno mazuri ya miaka yenu ya mwanzo yalilipwa kutoka kwenye akiba hiyo. Sisemi hivi kukulaumu, maana kila anayefungua ardhi hula akiba kwanza. Shida ni kwamba haionekani ikipungua.

Hatua ya pili ni kulima kwenyewe, na hapa ndipo penye kutoelewana kukubwa. Siku ya kulima udongo huwa laini kweli, na ukiupima siku hiyo huweza kuwa mwepesi hata kuliko wa msituni. Lakini ulaini ule ni wa marundo ya mabonge, hauna nguzo. Mabonge yaliyopoteza gundi hubomoka mvua za kwanza, chembe ndogo huziba matundu ya juu na kukauka kuwa gamba, na kilichobaki hujilaza chenyewe. Kabla msimu haujaisha udongo umerudi ulivyokuwa, au zaidi ya hapo. Udongo uliolimwa karibuni pia ndio usio na nguvu ya kubeba mzigo. Gurudumu likipita juu yake linazama na kubana kuliko lingepita juu ya udongo ambao haujaguswa. Mkulima anaona mgumu, analima tena, na kila mzunguko unahitaji trekta lenye nguvu zaidi kufikia ulaini ule ule.

Huku juu pakilainishwa, chini panabanwa. Diski hukata kwa juu lakini kwa chini inateleza ikipiga lipu, msimu baada ya msimu, kina kile kile. Kisha simama siku moja nyuma ya trekta uangalie magurudumu ya upande mmoja. Yanapita ndani ya mfereji uliotangulia. Yaani uzito wa trekta haupiti tena juu ya shamba; unakanyaga moja kwa moja tabaka la chini ambalo plau yako haifiki kulilegeza. Na sehemu kubwa ya madhara hutokea gurudumu linapopita mara ya kwanza. Mara ya pili na ya tatu huongeza kidogo tu. Kwa hiyo trekta linalozunguka ovyo, hata kama linapita mara moja tu kila mahali, limekwisha kufanya kazi yake.

Kuhusu matairi, watu huchanganya mambo mawili. Kubanwa kwa udongo wa juu hutegemea zaidi upepo wa tairi: tairi lenye upepo mdogo na mguso mpana hubana kidogo. Kina cha kubanwa hutegemea uzito wote ulio kwenye ekseli. Ukiweka matairi mapana kwenye trela lililojaa pomoni, juu patapona kiasi, lakini chini patabanwa vile vile. Ng'ombe ni kinyume chake. Uzito wake si mkubwa ukilinganisha na trekta, lakini uko juu ya kwato ndogo, na anapotembea baadhi ya kwato huwa hewani, hivyo shinikizo chini ya kwato huweza kuzidi la tairi. Hata hivyo haliendi mbali. Huishia sentimita 10 au 15 za juu. Ng'ombe wako hawakutengeneza lile tabaka la chini. Wamechangia gamba la juu, hasa kama waliingia udongo ukiwa umelowa.

Na neno hilo, umelowa, ndilo ningekuomba ulishike kuliko yote niliyoandika. Mhandisi wa Marekani R. R. Proctor alieleza mwaka 1933, wakati wa ujenzi wa mabwawa, kwamba udongo hushindilika vizuri zaidi ukiwa na unyevu wa kiasi fulani: maji hulainisha chembe zikateleza na kupangana. Hadi leo wajenzi wa barabara hunyunyizia udongo mkavu maji kabla ya kupitisha mtambo wa kushindilia. Mkulima anayeingiza trekta siku mbili baada ya mvua kubwa ili awahi msimu anafuata kanuni ile ile ya mjenzi wa barabara, bila kukusudia. Kipimo chake hakihitaji chombo. Chukua udongo kutoka kina utakacholima, wala si wa juu uliokwisha kupigwa na jua, uviringishe kwa viganja uwe kamba. Ukifikia unene wa milimita 3, kama utambi, bila kukatika, ondoka shambani. Ukimeguka kabla ya hapo, unaweza kulima.

Nimewahi kulipuuza hilo mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya kazi nilimshauri mkulima mmoja apasue tabaka gumu kwa ripa, yaani jino refu la chuma linalovutwa na trekta kupasua udongo bila kuupindua, na kwa kuwa mashine ilikuwa imepatikana siku ile tu, tukaingia udongo wa chini ukiwa bado na unyevu. Nilichimba shimo baadaye kuangalia. Ncha ya ripa ilikuwa imepita kama kisu kwenye sabuni: ufa mmoja mwembamba, kuta zake zinang'aa kama zimepakwa mafuta, na mizizi ikitambaa juu ya kuta zile bila kuingia popote. Gharama yote ilikuwa ya mkulima. Tangu hapo sijampendekezea mtu ripa kabla sijashika udongo wa chini mkononi.

Turudi kwa washauri wako wawili waliobaki. Dereva ana hoja: tabaka lipo, na kuna namna ya kulipasua. Lakini kulima kina zaidi kwa plau ile ile kunalihamisha tu. Utapata nafuu msimu mmoja au miwili, kisha tabaka jipya chini zaidi, ambako ni vigumu na ghali kulifikia, na utakuwa umepandisha juu udongo wa chini usio na rutuba. Jirani naye yuko sahihi kwa safari ndefu. Kupanda bila kulima, udongo ukiwa umefunikwa kwa matandazo, ndiyo njia inayorudisha gundi na vijia vya nyungunyungu na mizizi iliyooza. Herbert Bartz alianza hivyo mwaka 1972 katika jimbo la Paraná, Brazili, akitafuta kuzuia mvua kuchukua shamba lake, na leo Brazili ni miongoni mwa nchi zenye eneo kubwa zaidi la kilimo cha namna hiyo. Asichokuambia jirani ni kwamba ukiacha kulima leo juu ya tabaka lililokwisha kuganda, unalihifadhi. Miaka michache ya mwanzo udongo wa juu huwa mgumu zaidi kuliko uliolimwa, kwa sababu umeondoa ulaini wa jembe kabla viumbe hawajajenga wa kwao. Wengi hukata tamaa hapo hapo. Magugu nayo huongezeka, na utahitaji palizi ya makini au dawa.

Wako pia wanaosema udongo utajiponya ukiachwa. Wakati mwingine ni kweli: mfinyanzi unaopasuka nyufa pana wakati wa kiangazi na kuvimba mvua zikianza hujifungua wenyewe kwa kiasi, hasa juu. Kina kirefu ni hadithi nyingine. Katika Jangwa la Mojave nchini Marekani, alama za vifaru vilivyofanya mazoezi kati ya 1942 na 1944 zinaonekana hadi leo. Pale hakuna mizizi ya kutosha wala minyoo wa kufanya kazi, na muda peke yake haujafanya.

Mimi ningekwenda hivi. Kwanza, siku mbili tatu baada ya mvua nzuri, chimba shimo la sentimita 50 katikati ya shamba na jingine ukingoni. Choma ukuta wa shimo kwa kisu kuanzia juu kushuka, sentimita moja moja. Utausikia mkono ukigoma, kisha ukilegea tena. Pima mahali panapoanzia na panapoishia. Udongo wa tabaka hilo ukiumega hutoka kwa vipande bapa kama sahani zilizopangwa, na mara nyingi utaona madoa ya kutu au kijivu juu yake pale maji yalipokwama. Halafu dondosha bonge kavu la kila shimo ndani ya glasi ya maji. La ukingoni likikaa nzima na la shambani likamomonyoka kuwa tope dakika chache tu, umeona kwa macho gundi iliyopotea.

Tabaka likiwa dhahiri, lipasue mara moja, wakati wa kiangazi, udongo wa chini ukiwa mkavu wa kutosha kupasuka kwa vishindo. Ncha ya ripa ipite sentimita 3 hadi 5 chini ya tabaka, si zaidi. Kwenda chini sana hula mafuta na hakupasui vizuri. Lisipokuwa gumu kiasi hicho, yaani kisu kinapita kwa shida lakini kinapita, okoa fedha zako na uiachie mizizi kazi. Mbaazi na marejea, mmea wa jamii ya kunde unaopandwa kurutubisha udongo, zina mzizi mkuu wenye nguvu. Zikishafa, mizizi ile huoza na kuacha mrija ambao mzizi wa mahindi utaufuata msimu ujao bila jasho. Ni polepole, misimu kadhaa, na haifanyi kazi kwenye tabaka lililogeuka zege. Ila mrija wa mzizi umejengwa kwa gundi yake na hudumu, tofauti na ufa wa chuma.

Hata ukipasua, panda mizizi hiyo msimu huo huo. Ufa usiojazwa mizizi hujifunga. Na usiruhusu plau irudi, la sivyo utakuwa umelipia ulaini wa msimu mmoja. Panga njia za trekta ziwe zile zile kila mwaka, ukubali kwamba vipande hivyo vimetolewa sadaka ili vingine vipone. Ng'ombe waingie udongo ukiwa mkavu, na watoke kabla hawajamaliza mabua. Najua hili ni gumu kuliko yote, kwa kuwa mabua ni chakula chao na hakuna jibu jepesi: kila bua linaloliwa ni tandazo lililopungua. Kama samadi yao inarudi shambani, mmepunguza hasara. Kama hairudi, ningeanza na robo tu ya shamba iliyofunikwa vizuri badala ya shamba zima lililofunikwa nusunusu.

Kuna hali ambazo majibu ya maandishi hayatoshi na unapaswa kumwita afisa ugani au mtaalamu wa udongo afike shambani. Ukikuta tabaka gumu lina changarawe nyekundu au limeshikana kama jiwe, huenda ni la asili. Halikutokana na plau, na ripa inaweza kuvunjika bure. Ukiona ukoko mweupe juu ya ardhi, au bonge lako kwenye glasi linatoa wingu la maziwa lisilotulia hata baada ya saa kadhaa, kuna uwezekano wa sodiamu nyingi, na hapo dawa yake ni jasi na namna ya kutoa maji, baada ya kipimo cha maabara. Jasi kwenye udongo usio na sodiamu haitakusaidia kwa tatizo hili. Na maji yakijitokeza ndani ya shimo lako kutoka chini, hilo ni shamba lenye maji ya ardhini yaliyo karibu, linalohitaji mifereji kabla ya jambo lolote.

Mwite pia kabla ya kukodi ripa, hata kama dalili zote ziko wazi. Mpeleke kwenye shimo, usilifukie kabla hajafika, na mwombe ashike udongo wa chini aviringishe ile kamba mbele yako.